Mitende ya Tabora na Maneno Yaliyopita Njiani

Kiswahili hakina jina moja la kila siku linalokusanya miti yote ya jamaa ya mnazi. Tunao mnazi, mtende, mkindu, mvumo, mkoche, mwale, mpopoo na mchikichi, na kila mmoja husimama kwa jina lake. Wageni wanaojifunza lugha yetu huona hilo kuwa ni upungufu. Mimi naliona kuwa ni ushahidi. Wazee waliitazama miti hii kwa kazi yake: huu wa kuezekea, huu wa kusukia, huu wa kugemea, huu wa kukamulia mafuta. Miti yenye kazi mbalimbali haikuhitaji kufungwa katika furushi moja la jina.

Kwa sababu hiyo, njia ya kale ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, mwendo wa kilomita zipatazo 1,200, yaweza kusomwa kama bustani moja ndefu ya jamaa hii. Vitabu vya historia hutufundisha njia hiyo kwa majina ya watawala na vita: Mirambo aliyefariki mwaka 1884, Isike wa Unyanyembe aliyeangushwa na Wajerumani mwaka 1893. Miti inatuambia jambo jingine: ni nani aliyepita, ni nani aliyekusudia kubaki, na ni nani ambaye hakuulizwa.

Tuanze pwani. Mnazi ni mti wa joto, unyevu na hewa ya bahari. Tabora iko mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kiangazi chake huanza Mei kikaendelea hadi Oktoba, pengine bila tone la mvua. Mnazi haukuweza kufuatana na msafara hadi huko ukasitawi kama ulivyo Bagamoyo. Lakini maneno yake yalifika. Nilipokuwa nikifundisha Kiswahili Tabora, wanafunzi ambao hawajapata kuuona mnazi ukizaa walijua kwa moyo hatua za tunda lake: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Walijua pia kwamba nazi haishindani na jiwe, na kwamba nazi mbovu ni harabu ya nzima. Mti ulikwama, lugha ikapita.

Methali moja tu ilikuwa ikiwatatiza: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Darasa lilicheka kila mwaka, kwa kuwa katika macho yao alionekana mtu akimmwagia maji mnyama. Hapo ndipo nilipopata nafasi ya kufundisha sarufi kwa furaha. Kiambishi -li- kinatuonyesha kwamba tembo hili ni kinywaji cha mnazi, wala si ndovu. Kamusi huyaorodhesha kama maneno mawili, nayo yamekutana kwa sauti tu.

Hata hivyo, katika historia ya njia hii ndovu na jamaa ya mnazi wamekutana kwa kweli. Mvumo, ule mti mrefu wenye tumbo katikati ya shina na majani kama vipepeo, huota wenyewe katika nyika na mabonde ya magharibi. Matunda yake makubwa huliwa na ndovu, naye huzisafirisha mbegu tumboni na kuziacha mbali na mti mama. Ndovu ndiye mkulima wa mvumo. Basi fikiri misafara ya karne ya 19 ikielekea pwani, pembe zikiwa juu ya mabega ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Kila jozi ya pembe ilikuwa mpanzi mmoja aliyeondolewa shambani.

Tukifika Unyanyembe tunaukuta mtende. Waarabu wa Omani na Waswahili wa pwani walijenga makazi yao Kaze, ambayo leo ni Tabora, na Kwihara iliyo jirani. Burton na Speke walifika hapo Novemba 1857 wakakuta mji wa biashara wenye nyumba za tembe, mashamba na watu wa makabila mengi. Livingstone alikaa Kwihara miezi kadhaa mwaka 1872 akiwangoja wapagazi kutoka pwani. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyeacha maisha yake yameandikwa kwa Kiswahili, alikuwa na baba aliyekaa Tabora na kuoa katika ukoo wa mtemi.

Mtende si mti wa mpita njia. Kokwa ya embe ikitupwa kando ya njia huweza kuota na kuzaa bila kumngoja mtu, ndiyo maana masimulizi mengi husema miembe ya njia hii ilitokana na maembe yaliyoliwa safarini. Mtende una dume na jike. Ukipanda kokwa hujui utapata yupi, na dume hatazaa daima. Anayetaka tende za uhakika hupanda machipukizi ya jike, hutunza dume mmoja karibu, kisha hupanda juu na kupandikiza chavua kwa mkono wake. Zaidi ya hayo hungoja miaka. Waarabu wana msemo kwamba mtende hutaka miguu majini na kichwa motoni. Moto wa Septemba na Oktoba Tabora inao; maji ya kiangazi ilibidi yachotwe. Mtu anayefanya kazi yote hiyo amekwisha kuamua kwamba hapo ni kwao.

Lakini neno “anayefanya” linadai swali. Nani alichota maji yale? Biashara ya Unyanyembe ilikuwa ya pembe na ya watu. Mashamba na bustani za matajiri zililimwa na watumwa, wake kwa waume, waliotolewa Manyema na kwingineko. Sultani Barghash alipiga marufuku biashara ya watumwa baharini mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe ulikomeshwa kisheria Tanganyika mwaka 1922 tu. Kwa hiyo kivuli cha mtende wa zamani kina wenyewe wawili: mmoja aliyeandikwa jina, na mwingine aliyebeba mtungi. Mshairi anayekisifu kivuli hicho bila kumkumbuka wa pili ameandika nusu ya shairi.

Mbele ya Tabora, njia inateremka kuelekea Ujiji, na hapo jamaa nyingine inatupokea: mchikichi. Asili yake ni Afrika ya Magharibi na ya Kati, si Uarabuni wala pwani yetu. Burton alipofika Ujiji mwaka 1858 alikuta mafuta yake yakiuzwa sokoni. Kutoka upande huo tumepata utajiri mwingine: chikichi ni tunda, mawese ni mafuta ya nyama ya tunda, mise ni kiini cha kokwa. Mawese ni neno la maziwa makuu na Kongo kwanza, lakini leo limo katika kamusi sanifu bila kuomba radhi. Hivyo Tabora ilikuwa mahali ambapo tende kutoka mashariki ilikutana na mawese kutoka magharibi, na Kiswahili kikayaweka yote katika kikapu kimoja, kikapu ambacho huenda kimesukwa kwa ukindu wa mtoni, wa wenyeji wenyewe.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Safari ya miezi ikawa ya siku, nyumba za misafara zikabomoka, na miti mingi ikabaki bila mtunzaji. Jambo moja la mimea hii hunisumbua. Mti wa kawaida ukikatwa, huhesabika miaka yake kwa miduara iliyo ndani ya shina. Mtende hauna miduara. Shina lake halisemi lilipandwa lini. Tena hukua kwa kilele kimoja tu; ukikatwa moyo wake, shina hilo limekwisha.

Umri wake, basi, umo katika vinywa vya watu: bibi anayejua mti ulikuwa wa ua gani, fundi anayejua tofauti ya kuti la mnazi na la mvumo, msusi anayejua ukili. Wenzangu watunzi, tunapotafuta kina cha mwisho tusiandike “mnazi” kila tunapoona mti mrefu usio na matawi. Tuulize jina lake na kazi yake, tuulize pia nani aliumwagilia. Mizani nane zinatosha kubeba jina lililo sahihi.