Miaka 20 ya Hataza, na Kidonge Kilichofika Kwale

Kabla ya 1990, fundi wa Msambweni aliyebuni chombo kipya hakuwa na pa kukisajilia Nairobi. Sheria iliyorithiwa kutoka kwa mkoloni ilitambua hataza za Uingereza pekee, yaani haki ya mvumbuzi ya kuwazuia wengine kutumia ubunifu wake: upewe London kwanza, ndipo uiandikishe Kenya. Sheria ya 1989 ilituletea ofisi yetu wenyewe. Ile ya 2001 ikaweka umri wa hataza unaotumika hadi leo, miaka 20, ikafungua pia njia ya kuagiza dawa nafuu za kupunguza makali ya Ukimwi.

Hesabu huanza siku ombi linapowasilishwa, wala si siku cheti kinapotolewa. Uchunguzi ukila miaka minne, mwenye hataza amebakiwa na 16. Na ada ya kila mwaka isipolipwa, haki hiyo hufa mapema.

Venice, mwaka 1474, ilitoa miaka 10. Uingereza ilitoa 14 mwaka 1624, mara mbili ya miaka saba aliyokaa mwanagenzi kwa fundi wake. Miaka 20 imekuwa kipimo cha nchi nyingi kutokana na mkataba wa Shirika la Biashara Duniani ulioanza kutumika 1995.

Lakini hataza ikishakwisha, nini hufuata? Kwale ina jibu. Katika miaka ya 1970, Satoshi Ōmura alichota udongo huko Kawana, Japani. Kutokana na kijidudu kilichokuwa ndani yake, William Campbell na wenzake wa kampuni ya Merck walipata ivamektini, dawa iliyoanza kwa mifugo. Mwaka 1987 Merck iliahidi kuitoa bure kwa wagonjwa wa upofu wa mtoni. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 hataza yake kuu Marekani ilikuwa imemalizika, na yeyote mwenye kiwanda angeweza kuitengeneza.

Hapo ndipo penye ugumu, na naona wanasheria hawaupi uzito unaostahili. Mbu akimuuma mtu aliyemeza ivamektini, hufa. Kwa hiyo huenda dawa hii kongwe ikapunguza malaria. Ila kampuni gani itatumia mamilioni kuthibitisha faida ya kidonge ambacho wapinzani wake wataanza kukiuza kesho yake? Fedha zilitoka Unitaid, shirika la afya lililoko Geneva. Watafiti wa Kenya na wenzao wa Barcelona wakaingia vijijini Kwale, wakawapa watu dawa mara moja kwa mwezi, miezi mitatu mfululizo, kuanzia msimu wa vuli. Wengine walipewa albendazoli, dawa ya minyoo, ili kulinganisha.

Matokeo yalichapishwa 2025. Miongoni mwa watoto wa miaka mitano hadi 15 katika vijiji vilivyopata ivamektini, maambukizi mapya ya malaria yalikuwa pungufu kwa asilimia 26, na hayo ni juu ya kinga ya vyandarua walivyokuwa navyo tayari.