Kizuri Chajiuza: Magari ya Zamani, Matangazo Yake na Tope la Safari

Mwaka 1953, Eric Cecil na binamu yake Neil Vincent walitoa wazo la mashindano ya magari ya kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Njia ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, maelfu ya kilomita za vumbi, mawe na tope. Waandaaji hawakuyagawa magari kwa ukubwa wa injini, kama ilivyozoeleka Ulaya. Waliyagawa kwa bei yake dukani. Tena gari lilipaswa kuwa la kawaida, lile lile ambalo mwenye fedha angeweza kulinunua mjini na kuondoka nalo. Kwa sheria hiyo, barabara zetu ziligeuka mizani ya kupimia thamani ya kila shilingi ya mnunuzi.

Siku hizi wapenzi wa magari ya zamani wanakusanya matangazo ya enzi hizo, wakiyawekea fremu na kuyatundika ukutani kama picha za ukoo. Wana haki ya kuyapenda, maana mengi yalichorwa kwa ustadi mkubwa. Lakini kwa magari yaliyopendwa Afrika Mashariki, mengi ya matangazo yaliyojivunia uimara yalikopa ushahidi wake hapa kwetu. Ushahidi huo ni sehemu ya urithi wetu, nasi tumeuacha upotee kwa muda mrefu mno.

Ndoto na barabara

Mwaka 1923 tajiri wa magari wa Marekani, Ned Jordan, alitangaza gari lake la Jordan Playboy katika jarida la Saturday Evening Post. Tangazo lile halikueleza karibu chochote kuhusu injini wala bei. Lilisimulia juu ya binti jasiri wa nyika za magharibi mwa Marekani, farasi na upepo. Wanahistoria wa biashara wanalihesabu kuwa miongoni mwa matangazo ya kwanza kuuza hisia badala ya chuma.

Huku kwetu, miaka mitatu baadaye, kutoka Nairobi hadi Mombasa kwa gari bado lilikuwa jambo la kuandikwa katika historia. Lionel Galton-Fenzi alifanya safari hiyo mwaka 1926 kwa gari aina ya Riley, akipita mahali ambapo hapakuwa na barabara ya kuitwa barabara. Mnara wa kumkumbuka, unaoonyesha umbali wa kwenda miji mbalimbali, upo hadi leo katikati ya jiji la Nairobi, na maelfu ya watu huupita kila siku bila kuutazama. Katika nchi ya namna hiyo, ndoto ya Ned Jordan isingeuza gari. Mnunuzi aliuliza maswali ya mtu anayejua mvua ya masika ilivyo: Springi zake zikoje? Likizama, litatoka? Likiharibika Singida, nani atalitengeneza?

Mashindano yaliyoanza 1953 yalijibu maswali hayo hadharani. Baadaye yalihamia wakati wa Pasaka, ambapo masika huwa yamepamba moto, na kuanzia 1960 yakaitwa East African Safari. Watu wa kawaida waliyaita Safari tu, na kila mtu akaelewa.

Gari dogo kwenye karatasi tupu

Mwaka 1954 ushindi ulikwenda kwa Vic Preston na D. P. Marwaha, wakiwa na Volkswagen, lile gari lenye mgongo wa mviringo kama kobe. Gari la aina hiyo lilishinda tena 1957 na 1962. Siri yake ilikuwa rahisi kueleza kwa mtu yeyote aliyewahi kukwama porini. Injini ilikuwa nyuma, ikiyakandamiza magurudumu yanayosukuma, na ilipozwa kwa hewa. Halikuwa na rejeta, hivyo hapakuwa na maji ya kuchemka mlimani.

Mwaka 1959, mjini New York, kampuni ya matangazo ya Doyle Dane Bernbach ilipewa kazi ya kuwauzia Wamarekani gari hilo hilo. Wakati huo Wamarekani walipenda magari marefu yenye mapezi na nikeli ya kung'aa. Msanifu Helmut Krone na mwandishi Julian Koenig wakafanya jambo ambalo halijasahaulika. Waliacha karibu ukurasa mzima ukiwa mweupe, wakaliweka gari dogo sana kwenye kona ya juu, kisha chini wakamshauri msomaji afikiri kidogo badala ya kufikiri makubwa. Mwaka 1999 jarida la Advertising Age liliitaja kampeni hiyo kuwa bora kuliko zote za karne ya ishirini.

Ukiitazama picha ile leo unaona unyenyekevu wake. Gari halikuvalishwa sifa lisizokuwa nazo. Lilisemwa kuwa dogo, rahisi kutunza na gumu kuchakaa, mambo ambayo waliolitumia njia za Moshi na Eldoret walikuwa wameshayaona kwa macho. Wahenga walikwisha kusema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Enzi ya Pijo

Hata hivyo, kama kuna gari lililoingia moyoni mwa watu wa ukanda huu, ni Peugeot, ambayo ulimi wetu uliifanya Pijo. Modeli ya 404 ilitoka mwaka 1960, umbo lake likiwa limechorwa na Pininfarina wa Italia. Fungua bonneti yake uitazame kwa karibu. Injini imelazwa upande, kwa nyuzi 45, ili bonneti iwe chini na fundi apate nafasi ya mikono. Kishikio cha gia kiko kwenye shingo ya usukani, hivyo kiti cha mbele kiliweza kubeba watu watatu bila goti la mtu kugongwa. Mbele kuna tundu la hendeli, ili betri ikifa porini dereva asilale huko. Mtu aliyebuni tundu lile alijua kwamba si kila barabara ina gereji.

Safari ya 1963 ndiyo iliyolitambulisha gari hilo kwa ulimwengu. Magari 84 yalianza na 7 tu yalifika mwisho. Nick Nowicki na Paddy Cliff walishinda kwa 404. Mwaka 1966 na 1967 ushindi ulikwenda kwa Bert Shankland, mzaliwa wa Scotland aliyekuwa akiishi na kufanya kazi Tanzania, pamoja na Chris Rothwell, nao wakiwa na 404. Mwaka 1968 mvua ilikuwa kali kupita kiasi. Kati ya magari 93 yalimaliza 7 tena, na Nowicki na Cliff wakawa wa kwanza kwa mara nyingine.

Peugeot haikuacha nafasi hiyo ipite. Matangazo yake ya miaka ile, hata yaliyochapishwa Ulaya na Marekani, yalijivunia ushindi wa Safari. Mtu ambaye hajawahi kuiona Afrika aliambiwa kwamba gari lililopita huku litampeleka kazini salama.

Volvo nayo ilipata heshima yake hapa. Mwaka 1965 Joginder Singh, Kalasinga aliyezaliwa Kericho, alishinda pamoja na ndugu yake Jaswant kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika katika mashindano ya mwaka uliotangulia. Gari la mtumba, mikononi mwa fundi aliyelijua hadi nati ya mwisho, liliyashinda magari mapya ya viwanda vikubwa. Joginder alishinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, na watu wakamwita Simba wa Kenya.

Wajapani walisoma somo hilo la kuuza gari kwa ushindi wa Safari kwa makini kuliko wote. Mwaka 1969 ilitoka filamu ya Kijapani kuhusu Safari, nyota wake akiwa Yujiro Ishihara, na ndani yake Datsun Bluebird ikipambana na tope letu. Mwaka uliofuata Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa Datsun 1600 SSS, na 1971 wakashinda tena kwa 240Z. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliipa Datsun ushindi mwingine, na kati ya 1979 na 1982 akashinda mara nne mfululizo. Ilichukua karibu miaka 20, hadi 1972, kwa dereva kutoka ng'ambo, Hannu Mikkola wa Finland, kuvunja utawala wa madereva wa nyumbani.

Wasioonekana kwenye picha

Tusiikumbuke enzi hiyo kana kwamba ilikuwa ya wote. Mwaka 1953 Mwafrika mwenye gari lake mwenyewe alikuwa mtu wa kuhesabika. Wengi wa watu wetu walishiriki Safari wakiwa kando ya barabara: waliolisukuma gari la mgeni litoke topeni, waliochota maji, waliosimama usiku kucha mvuani kuona taa zikipita kwa sekunde chache. Bila mikono hiyo, magari mengi yasingefika kituo kilichofuata. Katika matangazo yaliyofuata ushindi, gari lilibaki na tope lake, ila waliolinasua hawakutajwa.

Baada ya uhuru, gari lilibaki alama ya cheo. Neno Wabenzi, la kuwasema wakubwa waliopanda Mercedes-Benz, lilizaliwa miaka ya 1960, na Azimio la Arusha la 1967 lilikuja katika hali hiyo ya manung'uniko. Bei ya mafuta ilipopaa miaka ya 1970, Tanzania ilizuia magari binafsi kutembea Jumapili alasiri. Vipuri vikaadimika.

Hapo ndipo magari haya yalipokuwa ya wananchi kweli. Pijo za bodi ndefu, zenye safu tatu za viti, ziligeuka teksi za mikoani nchini Kenya, zikibeba abiria, vikapu na kuku kwa mwendo uliowafanya wazee washike kiti cha mbele na kusali kimoyomoyo. Modeli ya 504, iliyotoka 1968, iliendelea kuunganishwa Kenya miaka mingi baada ya Wafaransa wenyewe kuacha kuitengeneza. Na kule ambako vipuri havikufika, mafundi walichonga bushi, walishona viti upya, walihamisha kabureta ya gari moja kwenda jingine, na gari likatembea.

Makunyanzi yasiyofutwa

Huko Zama, Japani, Nissan inatunza mkusanyiko wa magari yake ya kihistoria. Miongoni mwao ni 240Z iliyoshinda Safari ya 1971, yenye namba 11 ubavuni. Wafanyakazi wa kampuni walipoifufua injini yake, bodi waliiacha ilivyo, pamoja na makunyanzi iliyoyapata barabarani kwetu. Waliona kwamba kulinyoosha bati lile kungekuwa kufuta maandishi.

Sisi nasi tuna pa kuanzia. Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, yamehifadhi Rolls-Royce iliyotumiwa na magavana na baadaye Mwalimu Nyerere, na vilevile Austin ndogo ya enzi za kudai uhuru. Nairobi ina maonyesho ya Concours d'Elegance, yaliyoanza 1970, ambapo wenye magari husimama mbele ya majaji kuonyesha walivyoyatunza. Tangu 2003, mashindano ya Safari Classic yameyarudisha magari ya kale kwenye njia zake. Hizi ni juhudi za kupongezwa, lakini nyingi zinawafikia wenye uwezo, na zinatunza chuma kuliko habari za waliokitumia.

Habari hizo ziko kwenye gereji. Nimewahi kukaa na fundi mzee mjini Tanga aliyenitolea kitabu cha maelekezo cha 404 kutoka ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa kwa kitambaa. Kurasa za kabureta na gia zilikuwa nyeusi kwa alama za vidole gumba vyenye grisi. Pembeni, kwa kalamu ya risasi, aliandika kwa Kiswahili vipimo vyake mwenyewe, vilivyotofautiana na vya kiwandani, kwa sababu kiwanda hakikujua mafuta ya hapa wala joto la pwani. Ndani ya kitabu alikunja karatasi ya tangazo la gari hilo, rangi zikiwa zimefifia. Tangazo lilisema gari ni imara. Maandishi ya fundi yalionyesha limebaki imara kwa kazi ya nani.

Kitabu kile ni hati ya historia sawa na barua ya gavana, na kiko kwenye mfuko wa nailoni.

Basi, msomaji, kama nyuma ya nyumba yenu kuna gofu la gari linalongoja mnunuzi wa chuma chakavu, usiliuze leo. Lipige picha kwanza. Nakili namba yake ya usajili. Fungua buti na dashibodi utafute kitabu, kadi, risiti na karatasi za matangazo, uzipeleke makumbusho au maktaba iliyo karibu nawe. Kisha mtafute fundi aliyelitengeneza, kama yu hai, umwombe asimulie, na uandike jina lake.