Yai la Buluu na Kosa la The Hague

Zaidi ya miaka 100 imepita tangu Profesa Salvador Castelló, Mhispania aliyeongoza shule ya ufugaji wa kuku huko Arenys de Mar, asimame mbele ya kongamano la kwanza la kuku duniani mjini The Hague mwaka 1921, akatangaza kwamba Amerika Kusini kuna spishi ya kuku ambayo sayansi ilikuwa haijaitambua. Kuku huyo hakuwa na mkia, mashavuni alikuwa na vishungi vya manyoya mfano wa hereni, na alitaga mayai ya buluu. Castelló akampa jina la Gallus inauris. Tangazo hilo halikuwa sahihi, na mwenyewe alilisahihisha miaka mitatu baadaye. Hata hivyo kosa limeishi kuliko sahihisho lake. Mpaka leo kuku huyu, anayeitwa Araucana, hupimwa kwenye maonyesho ya Marekani kwa mkia asiokuwa nao na vishungi alivyo navyo, huku yai lililomtoa katika nyua za Wamapuche wa kusini mwa Chile likibaki jambo la pembeni. Mpangilio huo umegeuzwa juu chini, na historia yenyewe inaonyesha uligeuzwa vipi.

Castelló aliwaona kuku hao alipozuru Chile mwaka 1914, na waliomvutia hasa walikuwa wa mfugaji wa huko, Dk. Rubén Bustos. Hapo ndipo penye kiini cha mkasa wote. Wamapuche walikuwa na kuku wa namna mbalimbali, na Bustos alichukua namna mbili kati ya hizo. Wa kwanza, collonca, hakuwa na mkia na alitaga mayai ya buluu. Wa pili, quetro, alikuwa na mkia pamoja na vishungi vya mashavuni, lakini mayai yake hayakuwa ya buluu. Bustos aliwapandisha, akachagua kizazi baada ya kizazi, mpaka sifa zote tatu zikakaa katika kundi moja. Profesa akaliona kundi hilo limekamilika, akadhani ni kazi ya maumbile, kumbe ilikuwa kazi ya mfugaji mmoja mvumilivu. Wachile walipomweleza, hakung'ang'ania. Katika kongamano la pili, Barcelona, mwaka 1924, alikiri kwamba hiyo haikuwa spishi mpya. Kwa uungwana huo anastahili kusifiwa, kwa sababu wanataaluma wengi hufa na makosa yao. Lakini habari ilikwisha kusambaa, na mwaka 1927 jarida la National Geographic likachapisha mchoro wa rangi wa kuku hao ndani ya makala ndefu kuhusu kuku wa kufugwa. Wasomaji wa Marekani walioanza kuwatafuta walitaka kuku kama wa kwenye mchoro.

Ubaya wa kipimo hicho cha maonyesho unaonekana mara tu sifa hizo tatu zinapotazamwa kibaolojia. Mwaka 1933 mwanajenetiki Reginald Punnett wa Cambridge alionyesha kwamba rangi ya buluu hurithiwa kwa jeni moja lenye nguvu, kiasi kwamba kifaranga akiipata kwa mzazi mmoja tu, inatosha. Rangi yenyewe ni biliverdini, nayo hupenya unene wote wa ganda, tofauti na kahawia ambayo hupakwa zaidi juujuu yai likikaribia kutagwa. Zikikutana mbili hizo, yai huwa la kijani. Kwa hiyo sifa ya yai ni rahisi kuitunza na haimdhuru kuku. Vishungi ni kinyume chake. Kiinitete kinachorithi jeni la vishungi kutoka kwa baba na mama hufa, kwa kawaida ndani ya yai. Mfugaji akipandisha jogoo na tetea wenye vishungi, robo ya viinitete hutarajiwa kupotea, na hakuna namna ya kupata kundi linalozaa vishungi vitupu. Kukosa mkia nako hupunguza uwezo wa mayai kurutubishwa. Kanuni ya maonyesho, basi, inadai kwa nguvu zote kile kinachopunguza vifaranga.

Watetezi wa kanuni hiyo husema kwamba hata kukosa mkia na vishungi vilitoka kwa Wamapuche, na kwamba bila Castelló dunia isingewajua kuku hao. Hoja zote mbili zina ukweli. Wamapuche walikuwa nazo sifa hizo, ila walikuwa nazo katika kuku tofauti. Kuzilazimisha zikae pamoja ulikuwa uamuzi wa Bustos, na mtu mmoja hawezi kuwa kipimo cha jamii nzima. Na kumshukuru profesa kwa kufungua mlango hakumlazimishi mtu kuendelea na kosa ambalo profesa mwenyewe aliliacha. Hoja nzito zaidi huja kutoka upande mwingine: kwamba yai la buluu linathibitisha kuku walifika Chile kabla ya Wahispania, wakitokea Asia kupitia visiwa vya Pasifiki. Mfupa wa kuku uliochimbuliwa El Arenal, Chile, na kutangazwa mwaka 2007, uliipa dhana hiyo uhai, na wanasayansi wengine wakaupinga. Rangi ya ganda, hata hivyo, haiwezi kuamua kesi hiyo. Tafiti za mwaka 2013 zilionyesha kwamba buluu hutokana na kirusi cha kale kilichojipachika kwenye jenomu ya kuku, na kwamba katika kuku wa China kilijipachika mahali tofauti na kilipo katika Araucana. Jambo hilo lilitokea mara mbili, kila moja kivyake.

Baada ya mchoro wa mwaka 1927, mengi ni mambo ya usajili. Chama cha Kuku cha Marekani kilimkubali Araucana asiye na mkia mwaka 1976, na mwaka 1984 kikamkubali Ameraucana, mwenye mkia na asiye na vishungi. Uingereza humtambua Araucana mwenye mkia pia, na huko Cambridge kuku wa Chile walikwisha kuchangia kuzaliwa kwa kuku wa aina ya Cream Legbar. Wauzaji nao wakaeneza dai kwamba yai la buluu lina kolesteroli kidogo. Vipimo havikuliunga mkono, na mnunuzi anayelipa zaidi kwa sababu hiyo analipia rangi ya ganda tu. Chama hicho kingeweza kuanza kurekebisha mambo kwa kukubali vishungi viwe hiari, na kwa kuandika katika kitabu chake cha viwango kwamba collonca wa Wamapuche, anayetaga buluu bila kishungi hata kimoja, ni Araucana halali.