Shilingi Yenye Mwenyewe

Waganda walilichukua neno la Kiswahili, magendo, wakauita hivyo uchumi wao wote. Katika miaka ya Idi Amin na ile iliyofuata, mtu hakuhitaji kuvuka ziwa usiku na mtumbwi ili aitwe mfanya magendo. Aliyeuza sukari kwa bei isiyo ya serikali alikuwa wa magendo, na karani aliyemgawia kibali cha sukari hiyo alikuwa wa magendo pia. Waliotajirika humo waliitwa mafuta mingi. Kahawa, zao lililoipa serikali karibu fedha zake zote za kigeni, ilitoroka kwa magunia. Bei ya dunia ilipopaa mwaka 1976 na 1977, soko dogo la Chepkube upande wa Kenya, karibu na Mlima Elgon, lilifurika kahawa iliyochumwa Uganda. Hazina ya Kampala ilibaki na mashine ya kuchapa noti, ikaitumia. Mshahara wa mwalimu au karani ukawa wa kununua mahitaji ya siku chache, na siku zilizobaki kila mmoja alijitafutia.

Ninaanza na magendo kwa sababu historia ya kurekebisha fedha za umma nchini Uganda husimuliwa kama historia ya sheria, mikopo na kompyuta, na masimulizi hayo yanaliruka jambo lililoharibika kwanza. Kilichokufa ni imani katika tarakimu. Bajeti ilisomwa kila mwaka, vitabu vya hesabu vilijazwa, lakini hapakuwa na mtu, kuanzia waziri hadi mzazi wa mtoto wa darasa la tatu, aliyeweza kuinyooshea kidole tarakimu iliyoandikwa akasema: hiyo ni yangu, na bado sijaipata. Hoja ninayotaka kuitetea ni kwamba mageuzi ya Uganda yalifaulu pale tu tarakimu ilipompata mwenyewe anayeijua na mwenye sababu ya kuidai. Pale ilipobaki siri ya ofisi, pesa iliendelea kupotea hata chini ya mifumo mizuri kuliko ile ya zamani.

Serikali ya Yoweri Museveni iliingia Kampala Januari 1986 ikakuta bei za bidhaa zikipanda kwa kasi isiyomithilika. Mei 1987 shilingi mpya ilitolewa kwa kubadilishwa na 100 za zamani, na asilimia 30 ya thamani ikakatwa kama kodi ya kubadilisha. Wananchi waliumia, na kwa kuwa serikali iliendelea kutumia zaidi ya ilichokusanya, bei zilirudi kupanda. Mwaka 1990 maduka ya fedha za kigeni yaliruhusiwa, na ulanguzi wa dola ukawa biashara ya mchana kweupe. Septemba 1991 ilianzishwa Mamlaka ya Mapato, URA, katika nchi ambayo kodi yake yote ilikuwa takriban asilimia 7 tu ya pato la taifa. Kenya ilifuata njia hiyo mwaka 1995 na Tanzania mwaka 1996. Utumishi wa umma nao ulipunguzwa kutoka watu wapatao 320,000 mwaka 1990 hadi karibu nusu yake miaka mitano baadaye, na miongoni mwa walioondolewa walikuwamo maelfu ya wafanyakazi hewa, majina yaliyokuwa yakipokea mshahara bila ya mwili.

Yote hayo yasingetosha bila ya kilichotokea mwaka 1992. Mapema mwaka huo matumizi yalikuwa yameishinda tena Hazina, na mfumuko wa bei ukafumka upya. Rais aliiunganisha Wizara ya Fedha na ile ya Mipango kuwa wizara moja, na akamkabidhi Emmanuel Tumusiime-Mutebile nafasi ya Katibu Mkuu wake na Katibu wa Hazina. Mutebile alikuwa mchumi, si mwanasiasa wa majukwaani. Mwishoni mwa miaka ya themanini kulikuwa na wasomi wenzake waliotaka serikali ipange bei, naye alikuwa upande wa pili wa mjadala huo. Alichokileta kinaelezeka kwa maneno machache: serikali itatumia mwezi huu kile kilichoingia, basi. Kila mwezi fedha zilizopokelewa zilihesabiwa, na wizara zikaruhusiwa kulipa kwa kiasi hicho. Fedha zikipungua, hundi zilipungua. Benki Kuu haikuombwa tena kuziba pengo. Kufikia katikati ya 1993 mfumuko wa bei ulikuwa umeshuka chini ya asilimia 10.

Wapo wanaosema, tena kwa haki, kwamba utaratibu huo ulikuwa mkali kupita kiasi. Wizara haikujua mwezi ujao itapata nini, na hospitali haiwezi kuagiza dawa kwa kubahatisha. Wakuu wa idara waligundua mlango wa nyuma: walichukua bidhaa na huduma kwa mkopo, bila ya kuandika popote, na madeni kwa wafanyabiashara wa ndani yakarundikana hadi Hazina ikalazimika mwaka 1999 kuweka udhibiti wa ahadi za malipo zenyewe, kabla hata ya hundi kuandikwa. Sikatai lawama hizo. Lakini tutazame kilichobadilika. Kabla ya 1992 pesa ya serikali haikuwa na mwenyewe kwa sababu haikuwa na mwisho. Aliyekosa leo aliamini nyingine itachapwa kesho. Ilipokuwa na mwisho, Katibu wa Hazina akawa mtu wa kwanza nchini mwenye sababu ya kujua kila shilingi iko wapi. Lakini macho yake yaliishia mahali hundi ilipotoka ofisini kwake. Huko mbele ilikokwenda hakukuwa na aliyeangalia.

Hilo lilifahamika mwaka 1996, na kwa maoni yangu huo ndio mwaka muhimu kuliko yote katika habari hii. Wizarani walikuwa wakishangaa jambo moja: bajeti ya elimu ya msingi ilikuwa imeongezwa tangu mwanzo wa muongo, ilhali takwimu rasmi zilionyesha idadi ya wanafunzi ikisimama palepale. Uchunguzi ulifanywa katika shule za msingi 250 ukifuata ruzuku ya kila mwanafunzi kutoka Hazina, kupitia wilayani, hadi kwenye daftari la mwalimu mkuu, kwa miaka ya 1991 hadi 1995. Matokeo yalikuwa mawili. La kwanza, wanafunzi walikuwa wameongezeka kwa takriban asilimia 60, ila serikali ilikuwa haijui kuwahesabu. La pili ndilo lililozunguka dunia: kwa wastani asilimia 13 tu ya ruzuku ndiyo iliyofika shuleni, na shule nyingi hazikuwa zimepata hata senti. Zaidi ya nusu ya gharama za shule hizo za serikali ilikuwa ikibebwa na wazazi.

Ni rahisi kusoma asilimia 13 na kusema asilimia 87 ziliibwa. Haikuwa hivyo yote. Sehemu ya fedha iliishia makao makuu ya wilaya kwa kugharimia mambo mengine, mengine ya kazi na mengine ya wakubwa, na karatasi hazikutenganisha. Hata hivyo kuna ushahidi ndani ya uchunguzi huohuo unaonivutia kuliko tarakimu yenyewe. Mishahara ya walimu ilipita katika nchi ileile na wilaya zilezile, na haikuvuja kwa kiasi hicho. Ingawa ilichelewa na ilikuwa midogo, ilifika. Tofauti ni kwamba mwalimu aliujua mshahara wake hadi shilingi ya mwisho, na usipofika alikwenda wilayani kuuliza. Ruzuku ya mwanafunzi haikuwa na mtu wa namna hiyo. Mwalimu mkuu aliyepewa maboksi mawili ya chaki alishukuru, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba shule yake ilitengewa zaidi.

Serikali ilijibu kwa njia ambayo haikugharimu karibu chochote. Fedha zilizopelekwa kila wilaya zilianza kutangazwa magazetini na redioni, na shule zikatakiwa kubandika hadharani zilichopokea. Tuione karatasi hiyo ilivyokuwa: jina la shule, mwezi, idadi ya wanafunzi, kiasi cha shilingi, imebandikwa ukutani mahali ambapo mzazi anayekuja kumfuata mtoto hawezi kuikwepa. Mzazi hakuhitaji shahada ya uhasibu. Alihitaji kulinganisha kiasi cha ukutani na kile alichokisikia redioni, kisha na madirisha yasiyo na vioo. Uchunguzi wa 2001 ulikuta zaidi ya asilimia 80 ya ruzuku ikifika shuleni.

Hapa wapo wapinzani makini, na lazima wajibiwe. Mwaka 2007 mtafiti Paul Hubbard aliandika kwamba karatasi na magazeti yamepewa sifa ambayo si yao peke yao. Januari 1997 elimu ya msingi ilifanywa ya bure, na wanafunzi wakaruka kutoka milioni 3 hivi hadi zaidi ya milioni 5. Rais mwenyewe alikuwa ameliwekea jambo hilo heshima yake. Wafadhili walikuwa wakitazama kwa makini, ruzuku zilipangwa upya kwa masharti, na nafuu ya madeni ya mwaka 1998 iliingizwa katika mfuko maalumu wa kupambana na umaskini uliokuwa na ripoti zake. Katika mvua ya mabadiliko namna hiyo, nani atasema ni tone lipi lililootesha mbegu? Nakubali. Karatasi ukutani isingekuwa na maana kama Hazina isingetoa fedha kwa wakati, na Hazina isingetoa kwa wakati bila ya ule ukali wa 1992. Ila hoja ya Hubbard, nikiifuata hadi mwisho, inaipa nguvu hoja yangu. Elimu ya bure yenyewe ilikuwa tangazo: ilimwambia kila mzazi nchini kwamba shule ya mwanawe ina fedha kutoka serikalini. Ahadi ya jukwaani na karatasi ya ukutani zilifanya kazi moja, ya kumwambia mdai kiasi anachodai.

Pingamizi lingine ni zito zaidi. Pesa kufika shuleni si mtoto kujua kusoma. Madarasa yalijaa, walimu wengi hawakuonekana siku nyingi, na karatasi ya ukutani haimlazimishi mwalimu kuingia darasani. Ni kweli tupu, na aliyeahidi kwamba uwazi wa hesabu ungefundisha watoto aliahidi asichokuwa nacho. Lakini daraja huanza kwa nguzo ya kwanza. Kenya nayo iliijenga nguzo hiyo: ilipofuta karo za msingi mwaka 2003, ilituma shilingi 1,020 kwa kila mwanafunzi moja kwa moja kwenye akaunti za benki za shule, bila kupita mikononi mwa wilaya.

Baada ya karatasi za ukutani, Uganda iligeukia mashine. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000 ulifungwa mfumo wa kompyuta wa kusimamia fedha za serikali, na sheria mpya ya fedha na uwajibikaji ikapitishwa mwaka 2003. Mwaka 2005 kodi ya kichwa ilifutwa, wilaya zikapoteza chanzo kikubwa cha mapato yake na kuitegemea Kampala karibu kwa kila kitu. Mkulima aliyekuwa akiilipa kodi hiyo kwa manung'uniko alipoteza mzigo, na papo hapo akapoteza sababu ya kumuuliza mwenyekiti wa wilaya pesa yake imefanya nini. Wahisani walishangilia mfumo mpya wa kompyuta. Ulikuwa mzuri: hundi za mkono zilipungua, ripoti zilitoka haraka. Ila wasomaji wa ripoti hizo walikuwa wahasibu tu.

Mwaka 2012 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alifichua kwamba mabilioni ya shilingi ya mpango wa kuijenga upya Kaskazini, sehemu iliyoteswa na vita vya miaka 20, yalikuwa yamechotwa kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu. Fedha zilikuwa za Ireland, Norway, Denmark na Sweden. Kompyuta ilikuwapo, nywila zilikuwapo, na vilitumiwa na waliovijua. Wahisani walisimamisha misaada. Hazina ikaanzisha akaunti moja ya fedha zote za serikali mwaka 2013, na sheria nyingine ikafuata mwaka 2015.

Ireland ilijua ilichotuma: euro milioni 4. Ilidai kiasi hichohicho, na Januari 2013, miezi michache baada ya ripoti kutoka, Uganda ilikuwa imekirudisha chote. Wakazi wa Kaskazini, ambao kwa ajili yao pesa hiyo ilikuwa imetumwa, hawakuwa na karatasi yoyote ukutani ya kuwaonyesha walichotengewa.