Mikoko ya Gazi: Kutoka Korija ya Boriti hadi Tani ya Hewa

Kwa karne nyingi, kaskazi ilipoanza kuvuma mwishoni mwa mwaka, majahazi ya Waarabu na Waajemi yalishuka mwambao wa Afrika ya Mashariki yakiwa yamesheheni tende, chumvi na mazulia, na msimu ulipogeuka yakarejea makwao na kusi, hayarejei matupu, bali yamebeba boriti za mikoko kutoka Lamu na delta ya Rufiji; kwa maana nchi za Ghuba na pwani ya Uarabuni ni kame, hazina miti ya kutosha kujengea, na dari za nyumba nyingi za huko zilisimama juu ya magogo yaliyoota katika matope ya kwetu. Upana wa chumba, huko kama ilivyo katika nyumba za mawe za Lamu, ulifuata urefu wa boriti, hata mtu aweza kusema kwamba mti ule ndio uliokuwa mhandisi wa kwanza wa miji hiyo.

Biashara hiyo ilikuwa na elimu yake. Mkataji aliingia msituni maji yanapotoka, akachagua mkoko au muia kwa jicho, akauangusha kwa shoka, akauchukua begani katika tope lililomfika magotini hadi ukingoni mwa mkondo, kisha akangoja maji yajae ili mashua ielee. Bandarini miti ilipangwa kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo na banaa, ikahesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, na kila daraja likawa na thamani yake. Magome ya mikandaa nayo yalikuwa na wanunuzi, kwani rangi yake hutumika kusindika ngozi. Katika hesabu yote hiyo, tangu ya nahodha hadi ya mkataji, mti uliosimama haukuwa na bei hata ya senti moja. Thamani yake ilianza siku ulipoanguka.

Serikali ziliona mapema kwamba msitu una mwisho. Wajerumani walianza kuisimamia mikoko ya Rufiji mnamo 1898, na huko Kenya mikoko yote ikatangazwa kuwa hifadhi ya serikali mwaka 1932. Mwaka 1982 Kenya ikapiga marufuku kuuza boriti nchi za nje. Amri hiyo ilikuwa na haki yake, walakini ilizuia biashara ya nje bila ya kutoa badala nyumbani: nyumba za pwani ziliendelea kuhitaji boriti, na meko yaliendelea kuhitaji kuni.

Gazi, kusini ya Mombasa, ni mahali panapoonyesha waziwazi kwamba haja hiyo ilimaliza msitu hata kabla ya amri. Mji huu mdogo uliokuwa makao ya Sheikh Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui, aliyepigana na Waingereza mnamo 1895 na 1896, una ghuba iliyozungukwa na mikoko, na sehemu ya mikoko hiyo ilikatwa katika miaka ya 1970 ili iwe kuni za viwanda. Palipokatwa hapakuota tena penyewe. Palibaki mchanga mtupu. Ndipo mwaka 1991 wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, akiwamo James Kairo, walipoanza kupanda miche pamoja na wanakijiji.

Wakati huohuo mataifa yalikuwa yakijadiliana juu ya hewa ya ukaa. Mkataba wa Mabadiliko ya Tabianchi ulifunguliwa Rio de Janeiro mwaka 1992, na Kenya ikauridhia mwaka 1994. Watu wengi wanapoulizwa faida ya nchi maskini kuingia katika mkataba wa namna hii hutaja misaada, na misaada kweli imo; lakini mimi naona faida iliyo kubwa zaidi ni kipimo. Mkataba ulikiri kwamba nchi zilizotajirika kwa makaa na mafuta zina wajibu uliozidi wa wengine, na ukaweka lugha moja ya hesabu, tani ya hewa ya ukaa, ambayo tope la Gazi na kiwanda cha Ulaya vyaweza kupimwa kwayo.

Kipimo hicho hakikuifikia mikoko mara moja. Utaratibu uliotokana na Itifaki ya Kyoto ya 1997 uliwatambua waliopanda miti mipya, si waliolinda msitu uliopo, na mlango wa walinzi ulianza kufunguliwa katika mkutano wa Bali mwaka 2007. Mikoko ilistahili kusubiriwa, kwa kuwa hazina yake haimo katika shina peke yake: majani na mizizi huzama katika tope lisilo na hewa, hayaozi upesi, na ukaa hulala humo kwa karne nyingi.

Mwaka 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vilianza mradi wa Mikoko Pamoja, vikilinda hekta 117 na kuuza kadiri ya tani 3,000 kila mwaka kwa uthibitisho wa Plan Vivo, shirika lililoko Scotland. Soko hilo ni la hiari, halimo ndani ya mkataba wenyewe, na ni haki kulisema. Ila bila ya mkataba tani hiyo isingekuwa na mnunuzi. Fedha si nyingi, dola elfu kadhaa kwa mwaka, lakini zimeleta maji ya bomba na vitabu vya shule, na mivinje imepandwa ili mwenye kutaka mti wa kujengea asiurudie mkoko. Mwaka 2017 mradi ulipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa, na mwaka 2019 vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu, karibu na mpaka wa Tanzania, vikafuata nyayo hizo.

Kenya iliridhia Mkataba wa Paris mwishoni mwa 2016, ikaahidi kupunguza hewa chafu kwa asilimia 30 ifikapo 2030, na baadaye ikaongeza ahadi hiyo hadi asilimia 32. Kwa ahadi kubwa namna hii wanunuzi wa hewa wamezidi kuja, na wengine huja na karatasi ambazo mwanakijiji hakuzisoma. Kwa hiyo mwaka 2023 Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ilirekebishwa, ikaamuru kwamba katika miradi ya ardhi jamii ipate si chini ya asilimia 40 ya mapato ya mwaka baada ya kutoa gharama. Gazi, ambako kamati iliyochaguliwa na wanakijiji wenyewe ndiyo inayoamua fedha zitumike wapi, haikuingojea sheria hiyo; wanaoihitaji ni wale wa vijiji ambavyo mnunuzi atafika kabla ya kamati.