Kutoka Mbagathi Hadi Kisamis: Safari ya Nyama ya Jumapili

Msomaji, ukitaka kujua jiji la Nairobi limepanuka kiasi gani upande wa Ngong, usihangaike na ramani. Fuata moshi wa nyama choma. Kuna wakati watu wa mjini walitoka Jumapili kupunga hewa Dagoretti Corner wakaona wamefika shamba. Leo Dagoretti Corner ni mjini kabisa, magari yamebanana. Walaji wakasogea Ngong, kisha Kiserian, na siku hizi wenye magari wanaipita Kiserian yenyewe, wanapanda hadi Corner Baridi na kuteremka Kisamis, ambako mtu hula mbavu za mbuzi huku akilitazama Bonde la Ufa. Meza ya Jumapili inatangulia, nyumba zinafuata. Nyumba zikishajaa, meza inahama tena.

Wengi wetu tunadhani mambo haya yaliletwa juzi na watu wenye pesa. Sivyo. Safari hii ya kutoka mjini kwenda kula ina umri wa zaidi ya miaka mia moja, na kila hatua yake imekanyaga ardhi ya mtu fulani. Hebu tuifuate pole pole.

Kabla ya mji kuwapo, kulikuwa na maji. Jina Nairobi latoka katika maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi, na Ngong nayo, husema wenyeji, ni ufupisho wa Enkong'u e Muny, yaani chemchemi ya kifaru. Wafugaji walilisha ng'ombe kwenye tambarare na kupanda vilimani wakati wa kiangazi. Na tusisahau: wa kwanza kutoka nyumbani kwenda kula nyama porini hawakuwa Wazungu. Morani wa Kimaasai walikuwa na desturi ya olpul. Walichukua ng'ombe au mbuzi, wakaenda mbali na boma, mahali penye kivuli na maji, wakachinja, wakachoma, wakanywa supu iliyochemshwa pamoja na mizizi na magome ya dawa. Walikaa huko siku kadhaa mpaka nyama iishe. Haikuwa starehe ya bure. Kijana alikwenda kujenga mwili, kupumzika na kujifunza kuishi na wenziwe. Basi jamaa wa leo anayeagiza supu kabla ya nyama kufika hajaanzisha jambo geni chini ya vilima hivi.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Miaka mitano baadaye, mwaka 1904, serikali ya Uingereza iliandikiana mkataba na Wamaasai, na mkubwa wao katika mapatano hayo alikuwa laibon Olonana, ambaye Wazungu walimwita Lenana. Wamaasai waliondoka Bonde la Ufa ili walowezi wapate nafasi, wakapewa sehemu mbili: Laikipia kaskazini, na nyingine kusini ya reli. Ndani ya mkataba huo mlikuwa na kipengele kimoja ambacho kila mla nyama wa Kiserian angepaswa kukijua. Ardhi iliyo kati ya mto Mbagathi na mto Kiserian, kuanzia vilima vya Ngong mpaka mito hiyo inapokutana, iliwekwa kuwa makazi ya Olonana na wafuasi wake. Mkataba ulisema utadumu madamu Wamaasai wapo duniani.

Ulidumu miaka saba. Mwaka 1911 ukaandikwa mwingine, Wamaasai wakatolewa Laikipia na kusukumwa wote kusini. Mwaka 1913 baadhi yao walikwenda mahakamani. Mahakama ikasema haiwezi kusikiliza madai yao, eti mkataba ule ulikuwa kati ya dola mbili huru. Ajabu! Siku ya kuhamishwa walikuwa raia wa kuamrishwa, siku ya kudai haki wakawa taifa la kigeni.

Ng'ambo ya Mbagathi, Wazungu walikwisha kata mashamba. Hapo ndipo alipofika Karen Blixen kutoka Denmark mwaka 1914. Shamba lake lilikuwa na ekari 6,000, na 600 kati ya hizo zilipandwa kahawa. Ila mahali pale ni juu mno kwa kahawa, mavuno hayakutosha, na mwaka 1931 shamba likauzwa. Mnunuzi aliigawa ardhi kuwa viwanja vya makazi, na mtaa uliozaliwa hapo ndio huu uitwao Karen. Mwaka 1937 ukapata klabu yake, Karen Country Club, yenye uwanja wa gofu. Mzungu wa mjini sasa alikuwa na mahali pa kwenda wikendi: acheze, anywe, ale, atazame vilima, arudi nyumbani jioni.

Lakini nani alipika? Mwaka 1928 mwana wa mfalme wa Uingereza alikula chakula cha jioni katika nyumba ya Blixen. Mpishi alikuwa kijana Mkikuyu, Kamante Gatura, mtoto wa maskwota wa shamba lile. Blixen mwenyewe aliandika jinsi Kamante alivyozijua sosi za Kizungu kuwashinda Wazungu, na bado moyo wake ukabaki kwenye chakula cha wazee wake. Mara nyingine alimletea bibi yake kiazi kitamu cha kuchoma au kipande cha mafuta ya kondoo, kama zawadi ya kitu kizuri kweli kweli. Blixen aliona jambo hilo la kuchekesha kidogo. Mimi naona Kamante alikuwa anasema kitu: kwamba palikuwa na meza mbili katika nyumba ile, na yake haikuwa na kiti.

Katika miaka hiyo Mwafrika wa Nairobi hakuwa na Jumapili ya kwenda mbali. Alibeba kipande, cheti cha kazi kilichowekwa ndani ya kijibati na kuning'inizwa shingoni. Usiku alihitaji pasi. Hoteli na klabu za Wazungu aliingia kwa mlango wa jikoni, na kwa miaka mingi sheria ilimkataza kunywa pombe za Kizungu. Akitaka kiburudisho, alikwenda kilabu cha manispaa kule Pumwani. Mhindi naye, hata awe tajiri, hakuruhusiwa kumiliki shamba katika nyanda zile wala kuingia klabu zile. Familia za Kihindi zilipakia chakula garini, zikatandika mkeka penye nyasi na kula chini ya miti. Mchezo huo wa kubeba sufuria kutoka nyumbani una chanzo chake: ulikuwa njia ya kutoka nje bila kuomba ruhusa ya mtu mlangoni.

Mwaka 1946 Mbuga ya Taifa ya Nairobi ilifunguliwa, ya kwanza nchini. Wamaasai waliokuwa wakilisha ng'ombe pale waliambiwa wasirudi, na watu wa mjini wakapata mahali pengine pa kwenda na gari Jumapili. Mwaka 1954 ukafunguliwa uwanja wa mbio za farasi kwenye barabara ya Ngong. Aprili ya mwaka huo huo, wakati wa Hali ya Hatari, askari waliuzingira mji katika Operesheni Anvil, wakakamata maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru na kuwapeleka kizuizini. Ndiyo Nairobi ya mwaka mmoja: huku watu wanapanga foleni ya tiketi za farasi, huku wengine wanapangwa mstari wapandishwe malori.

Basi uhuru ulipokuja mwaka 1963, kukaa nje Jumapili, mbele ya nyama, ukiwa na chupa yako ya Tusker, halikuwa jambo dogo. Mzee aliyekatazwa chupa ile sasa aliiagiza mwenyewe. Na tazama jinsi nyama choma ilivyopangwa. Huletewi karatasi yenye majina ya vyakula. Unaingia buchani, unaiona nyama imening'inia, unachagua mwenyewe: mbavu au mguu, kilo moja au mbili. Inapimwa mbele ya macho yako, kisha inakwenda kwenye makaa. Inarudi juu ya ubao wa mti, inakatwa hapo hapo, chumvi pembeni, kachumbari, ugali, na kila mtu anakula kwa mkono kutoka ubao mmoja. Waziri na karani wake wanaweza kula ubao mmoja. Katikati kuna saa nzima ya kungoja, na kungoja huko ndiyo raha yenyewe. Ndipo harusi hupangwa, deni huombwa, siasa hupikwa.

Mwanzoni mahali pa mambo haya palikuwa karibu, kama Kenyatta Market. Dagoretti, kulikokuwa na vichinjio, nyama ilipatikana mbichi na bei ikiwa nafuu. Halafu mwaka 1973 Rais Kenyatta alitangaza kwamba matatu ziruhusiwe kubeba abiria bila leseni zile ngumu zilizozisumbua. Barabara zikafunguka. Mtu asiye na gari sasa alifika Ngong na matatu ya 111, Rongai na 125, Kiserian na 126. Matembezi yakaacha kuwa ya wenye gari peke yao.

Wenye hoteli nao waliona. Mwaka 1980 Carnivore ilifunguliwa Lang'ata, nyama ikachomwa kwa panga za Kimaasai na kukatwa mezani mpaka mlaji mwenyewe asalimu amri kwa kuangusha kibendera. Mwaka 1985 ikatoka filamu ya maisha ya Blixen, na mwaka uliofuata nyumba yake ikafunguliwa kuwa makumbusho. Watalii wakamiminika. Upanga wa morani sasa ulikuwa mshikaki, na vilima vya Ngong vilikuwa picha ya ukutani.

Na wenye vilima? Mwaka 1968 ilipitishwa sheria ya ranchi za pamoja, ardhi ya wafugaji ikaandikishwa kwa majina ya vikundi. Kuanzia miaka ya 1980 ranchi nyingi Kajiado ziligawanywa, kila mwanachama akapewa hati yake. Upande wa Ngong, karibu na mji, watu wengine walikwisha pata hati zao mapema. Hati ni kitu kizuri, lakini hati huuzika. Mwaka wa ukame mifugo inakufa, karo ya shule inadaiwa, na dalali yuko mlangoni. Ekari zikageuzwa ploti za hamsini kwa mia.

Hapa ndipo nyama inapoingia katika habari ya ardhi. Mtu anakuja Kiserian Jumapili na watoto. Watoto wanapanda bembea na farasi wa kukodisha, mama anapumzika, baba anangoja mbavu. Upepo mzuri, hakuna kelele. Anamuuliza mhudumu, hivi ploti hapa ni pesa ngapi? Kabla ubao haujaletwa, dalali amekwisha kaa mezani. Miaka mitano baadaye jamaa huyo amehamia. Analala hapo, ameweka ua wa mawe, na mbuzi hawana pa kupita. Jumapili ikifika anataka kupunga hewa, anawasha gari, anakwenda mbele zaidi.

Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuta zaidi ya watu 170,000 Ongata Rongai na zaidi ya laki moja Ngong. Mwaka huo huo treni mpya ikaanza kwenda Naivasha kupitia vituo vya Rongai na Ngong. Ongata Rongai kwa Kimaasai ni uwanda mwembamba. Siku hizi uwanda ni wa kutafuta kwa tochi. Na pale ndipo hasa palipokuwa kati ya Mbagathi na Kiserian, ile ardhi ya Olonana. Kiserian bado ina soko la mifugo, na kichinjio cha Keekonyokie cha wafugaji wenyewe kinaendelea na kazi, tena kimejifunza kutengeneza gesi kutokana na kinyesi na damu. Lakini mbuzi wengi wanakuja kwa lori kutoka mbali, maana malisho ya jirani yamekuwa vyumba vya kupangisha.

Simlaumu mla nyama. Babu yake alinyimwa chupa na kiti, naye ana haki ya kukaa kivulini na wanawe. Wala simlaumu Mmaasai aliyeuza, kwa kuwa hakuna aliyemwuliza shida zake. Ninachosema ni kwamba mara hii hakuna mkoloni wa kusingizia. Mkataba wa 1904 ulivunjwa kwa kalamu na bunduki. Kilichobaki kati ya mito ile miwili tunakimaliza sisi wenyewe, ploti moja moja, tukiwa tumeshiba. Kuna mambo yanayoweza kufanywa: kaunti ziweke njia za mifugo na kuzilinda kama zinavyolinda barabara, viwanja vya wazi viandikishwe kabla havijaisha, na mwenye hoteli anunue mbuzi kwa mfugaji jirani kwa bei ya haki, ili kufuga kulipe kuliko kuuza.

Jumapili ijayo ukiwa Kisamis, wakati unangoja mbavu zako, geuka uulize wenyeji mahali hapo panaitwaje kwa Kimaasai na nani alilisha hapo. Una saa nzima. Na dalali akija kukaa mezani, mwambie umekuja kula tu.