Thelathini, Si Thelathini na Mbili

Kwenye game, bunduki haikwami. Unabonyeza kitufe, jamaa anachomoa magazini tupu, anapachika nyingine, vita vinaendelea. Muvi nazo ni vivyo hivyo. Ndiyo maana watu wengi hawajui kwamba sehemu iliyowatesa wabunifu wa silaha kupita kiasi ni hicho kisanduku cha bati chenye springi ndani.

Neno lenyewe lina ukoo mzuri. Magazini ya bunduki na magazine ya hadithi unayosoma saa hii yanatoka kwa makhazin ya Kiarabu, yaani maghala, na kwenye mzizi huohuo ndiko tulikopata hazina. Kwa hivyo ile Hazina ya Kitaifa inayotukata kodi ni binamu ya kisanduku cha risasi. Mnaweza kulifanyia mzaha hilo kwa muda wenu.

Kazi yake ni rahisi kueleza. Springi inasukuma risasi juu, midomo ya bati inaizuia ile ya kwanza isiruke, kisha bolti inakuja mbele na kuisukuma iingie kwenye chemba. Shida huonekana sana mwanzoni na mwishoni. Magazini ikijaa pomoni, risasi zimebanana na msuguano ni mkali. Ikikaribia kuisha, springi imelegea. Na midomo ikipinda kidogo tu, risasi inakuja na pembe mbaya na kugonga ukuta. Ndiyo sababu wapimaji makini huzipa magazini namba. Moja ikikwama mara tatu na zenzake hazikwami, basi bunduki haina kesi.

Jaribio linalosimuliwa sana lilifanyika Marekani, Machi 1911. Colt ya John Browning na Savage zilitakiwa kufyatua risasi 6,000 kila moja. Unapiga 100, unaiacha ipoe, unaendelea. Kila baada ya 1,000 inasafishwa na kutiwa mafuta. Magazini ya Colt hubeba risasi 7, hebu piga hesabu: kujaza na kumaliza zaidi ya mara 850. Savage ilipata hitilafu 37. Colt haikupata hata moja, na kabla ya mwezi kuisha jeshi lilikuwa limeichagua.

Wapenzi wa bastola huishia hapo, wakipiga makofi. Mimi huuliza bastola hiyo ilitafutwa kwa nini. Jibu liko Ufilipino, ambako Wamoro, Waislamu wa kusini, walikuwa wanapinga utawala wa Marekani, na maafisa wakalalamika kwamba risasi ndogo za zamani haziwaangushi upesi. Mwaka 1904 maafisa wawili, Thompson na LaGarde, walienda kwenye machinjio ya Chicago wakawapiga risasi ng'ombe, wakapiga na maiti za watu, ili kujua risasi ya ukubwa gani inafaa. Kwa hivyo nyuma ya lile daftari safi la hitilafu kuna watu waliotawaliwa, ambao hakuna aliyewauliza maoni.

Waingereza nao, miaka 30 baadaye, hawakuwa na muda wa utulivu kama huo. Walikuwa wametoroka Dunkirk mwaka 1940 wakiacha silaha nyingi Ufaransa, na rashasha za Thompson kutoka Marekani zilikuwa ghali. Mwaka 1941 Reginald Shepherd na Harold Turpin wakaleta Sten: bomba, springi, bolti, vipande vichache vya kuchomelea, bei ya pauni mbili au tatu. Toleo moja lilitengenezwa na Lines Brothers, kampuni ya vitu vya kuchezea watoto. Jumla zilitoka mamilioni. Askari waliiita jinamizi la fundi wa bomba.

Magazini yake ilinakiliwa kwa rashasha ya Wajerumani, na ugonjwa wake ukaja nayo. Risasi zilipangwa safu mbili, halafu juu zikalazimika kubanwa kuwa safu moja, kama matatu mbili zinazong'ang'ania kichochoro cha gari moja. Mchanga kidogo, midomo ikigongwa kidogo, mambo yamekwisha. Iliandikiwa risasi 32. Askari wenye uzoefu walijaza 30 au pungufu, na waliambiana wasiishike bunduki kwa magazini, maana kuivuta tu kunaharibu mkao wake. Hebu fikiria silaha ambayo sharti lake la kwanza ni usiiamini namba iliyoandikiwa.

Tarehe 27 Mei 1942, kwenye kona ya barabara mjini Prague, Jozef Gabčík alisimama mbele ya gari la Reinhard Heydrich, mmoja wa wasanifu wa mauaji ya Wayahudi, akavuta kifyatulio cha Sten. Kimya. Wako wanaolaumu magazini, wako wanaolaumu nyasi za sungura alizofichia bunduki ndani ya mkoba. Mwenzake Jan Kubiš akarusha bomu, na Heydrich akafa kwa majeraha tarehe 4 Juni. Wanazi walilipiza kisasi kijijini Lidice, wakawapiga risasi wanaume 173 kwa siku moja.

Nikisoma habari za kona ile, natamani Sten ifyatuke. Halafu nafungua ukurasa wa Kenya, na matamanio yangu yanageuka.

Hali ya hatari ilitangazwa hapa tarehe 20 Oktoba 1952, na Sten ilikuwepo, mikononi mwa polisi, mwa askari wa KAR na mwa walowezi waliojiunga na polisi wa akiba. Bunduki ileile, magazini ileile, 30 si 32. Kila ilipokwama Nyandarua, huenda kuna mtu aliyepata sekunde tatu za kuingia msituni. Siwezi kuuita huo ubovu. Na mhandisi aliyeandika hitilafu hiyo kwenye daftari angeiandika kwa kalamu ileile ambayo angeiandikia ya Prague.

Baadhi ya Sten zilivuka upande wa pili. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953, wapiganaji wa Mau Mau walivamia kituo cha polisi cha Naivasha, wakafungua wafungwa na kuondoka na bunduki na risasi. Wengine wao hawakuhitaji mwalimu: Waruhiu Itote, yule Jenerali China, alikuwa amepigana Burma akiwa na KAR. Lakini silaha za namna hiyo zilikuwa chache, na risasi chache zaidi.

Mwaka huohuo wa 1953 Uingereza ilipitisha rasmi dawa ya Sten, rashasha ya George Patchett iliyojulikana baadaye kama Sterling. Magazini yake ilipinda kidogo kufuata umbo la risasi, ikabeba 34, na risasi zilitoka kwa zamu, kushoto kisha kulia, bila kubanwa kichochoroni. Chini ya risasi aliweka viringisho vidogo, hivyo mchanga haukupata pa kushikilia. Imepita kwenye matope na mchanga wa majaribio, na kusema ukweli ni kazi safi ya ufundi.

Msituni, mafundi walikuwa wanatengeneza zao. Mtutu ni bomba la maji, komeo la mlango linafanya kazi ya bolti, mpira uliokatwa vipande unavuta kila kitu mbele, na kitako ni mti. Magazini haikuwepo. Risasi iliingizwa moja kwa mkono, na pengine bomba lilipasuka usoni mwa aliyeishika, kwa hivyo aliyeifyatua mara ya kwanza ndiye aliyekuwa anaipima.